Karafuu imezidi, pasheni imepasua chupa: nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Pasua, Moshi, natengeneza bia ya shayiri nyumbani, ya kunywa mimi na jamaa zangu. Safari hii nilipika sufuria mbili za lita 10. Ya kwanza niliitia tangawizi na kijiko kizima cha chakula cha karafuu wakati inachemka. Ya pili niliitia juisi ya pasheni siku ya kujaza chupa, mililita 100 kwa kila lita, pamoja na sukari ya kuleta gesi, gramu 6 kwa lita. Ya karafuu inanuka kama kwa daktari wa meno na tangawizi haisikiki kabisa. Ya pasheni, chupa tatu zimepasuka usiku. Nilitaka nijaribu kahawa, sasa naogopa.

JIBU: Marahaba. Kabla hatujafika kwenye ladha, hizo chupa za pasheni zilizobaki usizishike mikono mitupu. Zifunike kwa blanketi zito lililoloweshwa, vaa glavu nene na miwani, kisha zihamishie kwenye friji. Zikishapoa kabisa, zifungulie nje moja moja. Chupa kupasuka Pasua ni utani mzuri, ila kipande cha kioo jichoni si utani.

Kilichotokea ni hesabu tu. Gramu 4 za sukari zikiliwa na hamira ndani ya lita moja ya bia huzaa gesi ya karibu lita nzima. Bia ya kawaida hubeba gesi mara mbili na nusu ya ujazo wake, na sehemu ya hiyo imo tayari tangu kuchacha. Gramu zako 6 zilitosha. Lakini pasheni nayo ina sukari, takribani gramu 11 katika kila gramu 100, kwa hiyo ulitia 17 ukidhani umetia 6. Gesi ikafika karibu maradufu ya inayotakiwa, na joto la Moshi likaiharakisha hamira.

Tunda liingie kwenye ndoo ya kuchachushia, si kwenye chupa. Subiri mchachuko mkubwa utulie. Pasha nyama ya pasheni hadi nyuzi 70 kwa dakika 10 bila kuichemsha (ikichemka inageuka jamu), iache ipoe, kisha itie. Iache wiki moja. Hidromita (kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia) ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, ndipo ufikirie chupa na sukari.

Karafuu ni kosa la aina nyingine. Mafuta yake hayaruki kirahisi na mvuke, tena yanatia ganzi ulimi, ndiyo maana hata madaktari wa meno wanayatumia. Harufu ya tangawizi mbichi ni kinyume chake: nyingi iliondoka na mvuke wa sufuria, na sehemu ya iliyobaki ikasombwa na gesi wakati bia inachacha. Ukali uliobaki umezikwa na karafuu. Kwa lita 10 mimi nisingevuka gramu 1 ya karafuu. Usiimwage lakini. Iache miezi miwili mitatu, halafu pika bia isiyo na kiungo na uzichanganye kwenye glasi, sehemu moja ya karafuu kwa nne za hiyo mpya.

Mpishi wa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, hupima msesewe, gome chungu la kuitia ladha, kwa kuuonja, maana gome lile likizidi pipa zima limeharibika. Wewe una faida kuliko yeye, kwa sababu unaweza kuonja kabla kiungo hakijaingia kwenye pipa. Ponda gramu 10 za kiungo, loweka katika mililita 100 za vodka isiyo na harufu kwa siku tatu hadi saba, chuja. (Gongo usiguse, hujui kilichomo.) Nunua bomba la sindano la mililita 1 duka la dawa, bila sindano yenyewe. Mimina mililita 200 za bia iliyokwisha kuchacha, ongeza tone kwa tone, nusa, onja, andika. Ukiridhika kwenye mililita 0.4, hiyo ni 2 kwa lita, yaani 40 kwa lita 20. Na haina sukari ya kupasua chochote. Chupa mbili tatu zijaze bia isiyo na kiungo kila mara: zile zikinuka dawa pia, tatizo ni hamira au usafi, si kiungo.

Kahawa isikutishe, tena uko kwenye mashamba yake. Chukua arabika iliyokaangwa wastani, gramu 4 kwa lita. Vunja punje kidogo tu, usisage. Zitie kwenye kitambaa kilichochemshwa na uzitumbukize kwenye bia iliyomaliza kuchacha, bila moto. Onja baada ya saa 24, na usivuke 48. Ukianza kusikia pilipili hoho, umechelewa kuitoa.