Jani kwenye mfongo

Mmetuuliza wasomaji wenu wiki hii kama walimu wa shule za msingi hapa Tanzania wako tayari kwa mtaala mpya, ule ulioanza Januari 2024. Mimi nauliza kuhusu sisi wazazi. Kumpa mtoto nafasi ya kufikiri si jambo geni. Hata mtaala wa 2005 ulihimiza umahiri, yaani mtoto aweze kufikiri na kutenda, si kukariri tu.

Nilisoma darasa la tano Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Siku moja mwalimu wa hesabu alitutoa nje mpaka kwenye mfongo, mfereji wetu Wachagga wa kumwagilia mashamba, unaopita katikati ya migomba. Akauliza swali moja tu: maji haya yana kasi gani? Akanyamaza. Tukabishana weee. Tulitupa kipande cha gome la mgomba, kikanasa kwenye jiwe. Mwenzetu akatupa buni mbivu, ikazama, na tulipaswa kujua, maana nyumbani tunazichagua hivyo hivyo kwenye ndoo: nzuri huzama, mbovu huelea. Mwishowe jani kavu likaenda vizuri, hatua 20 kwa sekunde 15, kwa saa ya mwalimu. Tukarudia mara tatu, na majibu hayakulingana. Mzee mmoja aliyekuja kufungua maji ya zamu yake akatueleza: asubuhi, kabla watu wa juu hawajafungua, maji hukimbia zaidi. Yule mzee alikuwa anatufundisha hesabu bila chaki. Mpaka leo nikisikia neno kasi naliona lile jani.

Tuliporudi, mwalimu aligombezwa mbele yetu kwa kupoteza kipindi. Jioni mama akaniuliza, "Leo mmeandika nini?" Daftari lilikuwa tupu. Nilichapwa.

Ndiyo maana nilianza kuandika nikiwa upande wa walimu: wako tayari, tatizo ni sisi na mitihani. Lakini mwanangu yuko darasa la nne hapa Moshi mjini, darasani wako 92. Sisi siku ile hatukufika 40. Mwalimu mmoja atawavusha vipi watoto 92 barabara mpaka kwenye maji, awasikilize wote wakibishana? Basi, kwa darasa la namna hiyo, nasema hayuko tayari, hata awe hodari kiasi gani. Mtaala uendelee, siupingi, ila waanze na kugawa madarasa, na maswali ya upimaji wa darasa la nne yafanane na kile wanachofundishwa.

Nami juzi nimemlipia tuisheni ya Jumamosi. Aliporudi, kabla sijamwuliza lolote, nilifungua daftari.