Masaa ya mazoezi kabla ya fainali: mmoja kafungua chuo, mwenzake bado yuko likizo

SWALI: Habari kaka. Mi nipo Seattle mwaka wa tisa sasa, na nimeshakuwa shabiki wa kufa mtu wa Huskies, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Washington. Kila tukikaa na jamaa lazima irudi ile fainali ya Januari 8, 2024 tuliyopigwa 34 kwa 13 na Michigan pale Houston. Mimi nasema tulionewa. Chuo chetu kilifungua Januari 3, wenzetu Januari 10, na nasikia chuo kikishafungua timu inabanwa masaa 20 kwa wiki, ila kama bado mko likizo mnajifua mnavyotaka. Kweli sheria iko hivyo? Na kama iko hivyo haki iko wapi? Halafu la pili, mpwa wangu anaingia timu ya chuo mwezi wa nane, kashaambiwa kuna mazoezi "ya hiari" saa 12 asubuhi. Hiari gani hiyo?

JIBU: Salama kaka, na pole, najua ile mechi bado inauma. Mimi kazi yangu ndo hii hii ya kuhesabu masaa, nipo idara ya michezo ya chuo kimoja huku Midwest (sio Michigan, usinitukane), kila Jumatatu napokea karatasi za makocha za wiki iliyopita na kuzikagua.

Ndio, sheria iko hivyo. Tangu 1991 NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, wanasema msimu ukiwa unaendelea mchezaji asivuke masaa 4 kwa siku na 20 kwa wiki, na apewe siku moja ya kupumzika. Siku ya mechi inahesabiwa masaa 3 tu, hata kama mmeshinda uwanjani toka asubuhi. Ndani ya hayo masaa yanaingia mazoezi ya uwanjani, jimu ya lazima, vikao, na kuangalia video kama kocha ndo kawaita. Safari haihesabiwi, matibabu na kufungwa bandeji hakuhesabiwi, chakula hakihesabiwi, kwa hiyo hiyo 20 ukiitazama vizuri ni namba ya kwenye karatasi zaidi. Mwaka 2014 wachezaji wa Northwestern walipotaka kuunda chama cha wafanyakazi, afisa wa bodi ya kazi aliyesikiliza shauri lao aliandika kwamba wakati wa msimu mpira unawala masaa 40 mpaka 50 kwa wiki, na wala shauri lenyewe halikuwa la kuvunja ile 20.

Sasa kipengele chako. Ile mipaka ya 4 na 20 haifanyi kazi wakati wa likizo ya kati ya mihula, pale ambapo hakuna vipindi kabisa. Ukifikiria mantiki yake inaeleweka, sheria ilitungwa ili kijana asikose darasa, sasa kama darasa lenyewe halipo unamlinda na nini? Ila waliotunga walikuwa wanamtazama mwanafunzi na kitabu chake, hawakuwa wanapima timu mbili kwenye mzani, na wasingeweza hata wangetaka manake mwaka huo wa 1991 fainali yenyewe haikuwepo. Bingwa alikuwa anapatikana kwa kura za waandishi na makocha, mechi kubwa zinaisha Januari mosi, watu wanarudi makwao. Baadaye ndo ikaja fainali ya kupangwa, tarehe ikaanza kusogea mbele wiki baada ya wiki, mpaka ikagongana na kalenda za vyuo.

Na wanaogongwa ni wale wale. Washington, Oregon, UCLA wanatumia kota, yaani vimuhula vitatu vya kama wiki 10 10 badala ya semista mbili, kwa hiyo Januari wanafungua mapema sana. Oregon yaliwakuta Januari 2011 wakijiandaa na Auburn, wao wameshaingia darasani wiki ya mwisho kabla ya fainali, wenzao semista bado. Wakafungwa 22 kwa 19 kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho kabisa, na hapo mtu akikuambia lisaa limoja la ziada lingebadilisha kitu siwezi kumbishia.

Lakini yenu kaka ngoja tupige hesabu tuache ushabiki. Timu zote mbili zilicheza nusu fainali siku moja, Januari 1, nyie na Texas kule New Orleans, Michigan na Alabama kule Pasadena, tena wao mpaka muda wa nyongeza. Siku inayofuata hakuna timu inayofanya mazoezi ya maana, ni ndege, barafu na vidonge vya maumivu. Mwisho wa wiki wote wako Houston, waandishi, kamera, kujaribu uwanja. Kwa hiyo siku za kazi ya kweli ni 3 au 4 tu kwa kila upande, na nyie kwenye siku hizo mnaruhusiwa masaa 4 kila siku. Miili iliyotoka kugongana juzi, tena mwisho wa msimu mrefu, kocha mwenye akili haiweki uwanjani zaidi ya masaa 2. Wengi hawafiki hata hapo. Sasa Michigan hata angekuwa huru kama ndege, masaa ya ziada angeyapeleka wapi? Kwenye video na vikao tu, na mazoezi ya kutembea, yale ya kupita mipango taratibu bila kugongana. Mi nikikadiria kwa makocha ninaowajua naona lisaa, lisaa na nusu kwa siku. Sio bure, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi) na mabeki wa nyuma hayo masaa yanawasaidia kweli kusoma adui. Ila Michigan waliwapiga kwa yadi 303 za kukimbia na mpira, wakimbiaji wao Corum na Edwards walipita katikati yenu kama mlango uko wazi, na hiyo haitoki kwenye video kaka. Hiyo ni mstari wa mbele kuzidiwa nguvu.

Pa kulalamikia zaidi ni darasani, na hapo sijaona watu wakisema sana. Kijana wa Washington wiki ya fainali alitakiwa awe kwenye vipindi vya kwanza vya muhula, aandikishwe, apate silabasi, ajue pepa zinakuja lini, wakati mwenzake wa Michigan kule Ann Arbor anaamka, anakula, analala mchana, anaangalia video kwa raha zake kwenye tableti. Hata ungewapa wote masaa 20 sawa sawa, bado mmoja ana kichwa kimoja cha kazi na mwingine ana viwili. Hilo hakuna kifungu kinachoweza kulisawazisha.

Na nyie wa kota msijifanye mnaonewa mwaka mzima, Septemba yote mnaitafuna nyie! Mechi ya kwanza ikishachezwa ile 20 inawabana hata kama chuo hakijafungua, hilo sawa, lakini vipindi vyenu vinaanza mwishoni mwa Septemba huko, vijana wenu wanacheza mechi tatu nne bila daftari wala pepa, huku wa semista wanapiga msuli toka Agosti. Januari mnalipa deni.

Haki basi iko wapi. Kuna wanaosema ifutwe mipaka kwa wote kuanzia nusu fainali, na siku hizi wana hoja mpya kwamba toka Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza, kwa hiyo ati wameshakuwa watu wa mshahara waacheni wafanye kazi. Mi sikubaliani, hata kuli wa bandarini ana masaa yake. Kinachotakiwa ni kinyume chake, timu zikishajua zitakutana, siku ambayo chuo cha mmoja kinafungua ile 20 iwabane wote wawili, basi. Ni kifungu cha sentensi moja, na mimi kukihesabu kunanichukua nusu saa. Hasara ni kwamba yule wa likizo atakaa hotelini hana cha kufanya, sioni kama kuna atakayekufa. Fainali yenyewe kwa kweli imeshaanza kujirekebisha, ile ya 2025 ilichezwa Januari 20 na tarehe hiyo karibu kila chuo kimefungua, ila nusu fainali siku hizi ndo zimeangukia pale pale penye kidonda, mwaka huo zilikuwa Januari 9 na 10.

Sasa la mpwa. Hiari kwa sheria maana yake kocha hatakiwi kumlazimisha, mahudhurio yasiripotiwe kwa kocha, asiadhibiwe akikosa wala asizawadiwe akija. Kama kuna mtu kasimama mlangoni na orodha halafu jioni kocha anajua nani hakuja, hiyo sio hiari na masaa yake lazima yaandikwe. Nilishawahi kukutana na karatasi inasema video dakika 45, kijana ananiambia walikaa mpaka saa 5 usiku, nauliza naambiwa walibaki wenyewe kwa mapenzi yao, wote thelathini na kitu! Niliandika nilichoandika, na mezani kwa yule kocha sikukaribishwa chai tena. Michigan hao hao walishashikwa kwa mambo kama haya, 2010 NCAA waliwapa uangalizi wa miaka 3 na chuo chenyewe kikajikata masaa 130 ya mazoezi, na kilichowaumbua zaidi kilikuwa fomu za masaa ambazo hazikujazwa.

Mwambie mpwa awe anaandika mwenyewe kwenye simu, kaingia saa ngapi katoka saa ngapi, kila siku. Wakimletea fomu ya wiki asaini aisome kwanza, zikipishana na zake asisaini, aje kwa mtu wa kazi kama yangu hapo chuoni kwake, sio kwa kocha. Na saa 12 asubuhi mwangalieni pia analala saa ngapi, kwa zile konferensi kubwa (makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja) lazima apate masaa 8 mfululizo ya kuachwa kabisa kati ya saa 3 usiku na saa 12 asubuhi, kwa hiyo kama kikao kilimuweka mpaka saa 5 usiku basi hicho kikao kina kesi ya kujibu, hayo masaa 8 hayakutimia hata kabla ya mazoezi ya alfajiri.