Nichukue PCM, PCB au niende DIT moja kwa moja?

SWALI: Shikamoo Injinia. Mimi ni binti wa kidato cha nne katika shule ya kata huku Mbagala. Kwenye moko nimepata Fizikia B, Baiolojia B, Kemia C na Hisabati C. Kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, nilijaza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kwa sababu napenda mambo ya umeme. Baba anataka nibadilishe niweke PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ili nije kuwa daktari. Mjomba wangu ni fundi umeme, yeye anasema kidato cha tano na cha sita ni kupoteza muda, niende DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) nikasome stashahada. Nyumbani pesa si nyingi. Nifuate njia ipi? Na nikianzia stashahada, nitaweza kweli kuwa mhandisi kamili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ndiyo, aliyeanzia stashahada anaweza kuwa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka shahada ya uhandisi inayotambulika, kisha angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa, ndipo ikusajili kuwa mhandisi mtaalamu. Ninao wenzangu kazini waliopitia kidato cha sita na waliopitia stashahada, na mezani huwezi kuwatofautisha.

Linalohitaji kichwa kutulia ni PCM na PCB, maana hapo ndipo mlango mmoja unafungwa. Kusoma shahada ya uhandisi wa umeme, masomo yanayoangaliwa kwenye matokeo ya kidato cha sita ni Hisabati ya juu na Fizikia. Mwanafunzi wa PCB hasomi Hisabati ya juu. Anasoma hisabati tumizi ya msingi, ambayo haimpeleki uhandisi wa umeme hata akiipasua vipi. Na wa PCM hana Baiolojia, kwa hiyo udaktari wa binadamu ameshauaga. Tahasusi, yaani michepuo kama hiyo PCM na PCB, zimeongezwa nyingi tangu mwaka 2024, ikiwemo michanganyiko yenye somo la Kompyuta, lakini kwa umeme na udaktari kanuni ni ile ile: huku Hisabati, kule Baiolojia.

Sasa soma alama zako upya. B ya Fizikia inakusaidia kote kote. B ya Baiolojia inampa baba hoja ya haki, na usimwone kama anakuonea. Ameangalia karatasi akaona binti yake anafanya vizuri zaidi kwenye somo la madaktari kuliko kwenye somo la wahandisi. Kinachoamua ni hiyo C ya Hisabati, nayo yenyewe bado haijaniambia kitu. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, C ya kidato cha nne inaanzia 45 hadi 64. Mwenye 46 na mwenye 63 wote wameandikiwa C, ila mmoja amenusurika na D na mwingine amekosa B kwa alama 2. Nenda kwa mwalimu wako wa Hisabati umwombe alama zenyewe, kisha mkae na karatasi uone ulipopoteza. Ukikuta umeangukia kwenye mada ambazo darasani hamkuzimaliza, kama inavyotokea shule nyingi zenye upungufu wa walimu, hilo linatibika kabla ya Novemba. Ukikuta umepoteza kila mahali, kwenye aljebra, kwenye trigonometria, kwenye kupanga hesabu tu, basi PCM itakutesa, na nisingekuwa nakutendea wema kukuficha.

Nasisitiza Hisabati kwa sababu vijana wengi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo walipenda umeme kwa kuona nyaya na taa, wakashtuka chuoni kukuta kazi kubwa iko kwenye namba. Nikupe mfano wa karibu. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, unasafirishwa hadi Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400. Kwa nini usisafirishwe kwa volti 230 zile zile tunazotumia nyumbani, tukaepuka gharama ya transfoma? Jibu liko kwenye Fizikia yako ya kidato cha nne. Nguvu ni volteji mara mkondo, kwa hiyo ukipandisha volteji mara 10, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ile ile unashuka mara 10. Na nishati inayopotea njiani kama joto inakwenda na kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukishuka mara 10, upotevu unashuka mara 100. Hesabu ya mistari miwili, na ndiyo iliyosimamisha ile minara mirefu unayoiona ukisafiri barabara ya Morogoro.

Sasa jiulize kwa unyofu umesomaje aya hiyo. Kama umetamani kuchukua kalamu uhakikishe mwenyewe, una kitu ambacho alama za moko hazikionyeshi. Kama umeiruka, si kosa, ila pengine unachokipenda ni kazi ya mikono ya mjomba, nayo ni kazi ya heshima yenye njia yake kwenye vyuo vya ufundi stadi, pale VETA Chang'ombe na kwingineko.

Twende kwenye njia mbili za kufika shahada, tukizipima kwa muda na masharti yake.

Kidato cha tano kinaanza Julai. Unasoma miaka 2, mtihani Mei, matokeo Julai, kisha shahada ya uhandisi miaka 4. Masharti ya chini ya Tume ya Vyuo Vikuu ni alama kuu (principal pass) mbili zenye jumla ya pointi 4 katika masomo ya fani, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake D ya Hisabati na D ya Fizikia zinakupa sifa, lakini E mbili hazikupi, ingawa E nayo inahesabiwa kuwa alama kuu. Wengi hulijua hili wakiwa tayari wana cheti mkononi. Na kuwa na sifa hakumaanishi kupata nafasi. Fani kama umeme pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hugombewa na wenye A na B, hivyo lenga juu ya kiwango.

Njia ya mjomba ni stashahada ya uhandisi, miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6 ya tuzo za ufundi zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. DIT ndicho chuo kinachotajwa kwanza hapa mjini, pale Morogoro na Bibi Titi, na ni chuo chenye mizizi. Kilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi. Ukimaliza unaitwa fundi sanifu na unaweza kuajiriwa mara moja. Faida nyingine ni kwamba karakana unaiona tangu mwaka wa kwanza, wakati mwenzako wa PCM anaweza kumaliza kidato cha sita bila kuingia karakana ya umeme. Ukijumlisha na miaka 4 ya shahada inakuwa miaka 7 badala ya 6. Mwaka mmoja si kitu ikiwa katikati utakuwa na cheti kinacholipa.

Ila mjomba huenda hajakwambia hili: kutoka stashahada kwenda shahada, kiwango cha chini ni wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za masomo chuoni) ya 3.0 kati ya 5. Anayemaliza na 2.8 amefaulu, ana cheti halali na ataajiriwa, lakini maombi ya shahada yatagonga ukuta. Na GPA haijengwi kwa mtihani mmoja wa mwisho, hivyo usichezee masomo ukidhani utafidia mwishoni. Pia watatazama matokeo yako ya kidato cha nne, ambako unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne au zaidi. Hakuna njia isiyohitaji Novemba yako iwe nzuri.

Ushauri wangu, kwa alama ulizoniandikia: kama Hisabati ni C ya juu na unaweza kuisukuma hadi B, baki na PCM. Kama ni C ya chini na mikono yako inapenda vifaa, stashahada itakufaa kuliko kwenda kupambana na Hisabati ya juu miaka miwili, ukatoka na S, alama iliyo chini ya E na isiyohesabiwa kuwa kuu, ambayo haikufungulii uhandisi. Hisabati ipo DIT pia, nzito, lakini inafundishwa ikiwa imefungamana na saketi na mashine, na kuna watu inawaingia hivyo tu. Huna haja ya kuamua leo. Baada ya matokeo kutoka Januari, TAMISEMI hufungua selform mbadilishe machaguo, na fomu hiyo hiyo ina sehemu ya vyuo vya ufundi. Chagua ukiwa na alama halisi.

Kuhusu baba. Usimpinge kwa kusema tu hupendi udaktari. Muulize anachokitaka hasa: ni kazi ya uhakika, ni heshima, au ni kwamba kuna mgonjwa katika familia mliyemuuguza? Mweleze pia udaktari unadai nini: alama kuu katika masomo yote matatu ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, miaka 5 ya chuo, kisha mwaka 1 wa mafunzo hospitalini. Kemia yako ni C, na kwenye PCB huna pa kuifichia. Halafu mwonyeshe kitu ambacho wazazi wengi hawakifahamu: DIT wana stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba. Hao ndio wanaotengeneza na kutunza mashine za X-ray, za kusaidia kupumua, za wodi za watoto njiti. Hospitali inawahitaji kama inavyomhitaji daktari. Baba atakusikiliza vizuri zaidi ukienda kwake na jambo la kujadili.

Pesa. Shule za serikali hazitozi ada kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, lakini unaweza kupangiwa bweni mbali, Kilakala, Msalato au Tabora Wasichana, na hapo kuna nauli, godoro na mahitaji ya fomu ya kujiunga. Wazazi waanze kuweka kidogo kidogo sasa. Kusoma stashahada ukitokea nyumbani kuna ada na daladala kila siku. Muweke kwenye karatasi mlinganishe. Kwa shahada ipo Bodi ya Mikopo, ambayo miaka ya karibuni inakopesha pia stashahada za fani za kipaumbele, na kwa wanaofanya vizuri sana kidato cha sita kwenye sayansi upo ufadhili wa Samia. Mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi.

Jambo la mwisho linaonekana dogo, nami nimeona likichelewesha watoto wenye akili nyingi. Wiki hii toa cheti chako cha kuzaliwa, linganisha majina na yale uliyosajiliwa nayo kwa mtihani wa kidato cha nne, herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema Fatuma na shule imeandika Fatma, au jina la katikati limeachwa, nenda kwa mwalimu wa taaluma akueleze kinachowezekana kurekebishwa. Maombi ya mkopo yanataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yasiyolingana yanamaanisha viapo na safari za ofisini wakati wenzako wanajaza fomu. Kama cheti huna kabisa, baba aanze kukifuatilia Jumatatu.