Springi fupi kwenye Peugeot 504: usikimbilie

Ndugu yangu wa Nyakato, nimekuelewa: Peugeot 504 uliyorithi kwa mzee inagonga mbele kila ikipita kwenye shimo, inayumba kwenye kona, na fundi anakushauri ufunge springi fupi na ngumu. Nakuomba usikubali kwa sasa. Magari ya 504 yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 yalijengwa kwa ajili ya barabara mbaya, na uzuri wa gari hili ni springi laini zinazobonyea kwa mwendo mrefu; ukizifupisha, njia za mawe zinazopanda vilima vya Mwanza zitakugongesha chini kila siku.

Kwanza tafuta chanzo cha kugonga: inua upande wa mbele kwa jeki, uweke stendi imara, kisha ushike tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, kagua bearingi na boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kugeuka). Likicheza ukilishika kushoto na kulia, kagua viungo vya stelingi. Mimi nilinunua shokapu (vituliza mitikisiko) mpya mbili na mlio ukabaki palepale, hadi nilipomulika tochi chini nikaona mpira wa bushi, ule unaotenganisha vyuma kwenye maungio, umepasuka na chuma kinasugua chuma.

Shokapu zikiwa zimechoka, zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, kisha upime alaimenti (unyoofu wa magurudumu). Springi ya mbele imebanwa kwa nguvu nyingi, na ikifyatuka inaweza kuua, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi mwenye vibanio vya springi. Ukikuta kutu pale shokapu inaposhikiliwa na bodi, mtafute kwanza mchomeleaji mzoefu.