Maswali yenu ya muziki: sauti ya ubao inakufa mapema, sasa ufanyeje?

Haya wapendwa karibuni tena. Mwezi huu meseji za marimba zimekuwa nyingi kuliko za gitaa na kinanda, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nianze kujibu maswali hapa, kwa hiyo nimeamua ukurasa mzima uwe wa marimba tu. Wa gitaa nivumilieni.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 19 niko Area C hapa Dodoma, napiga marimba ya mbao kanisani, yenye oktavi nne (yaani ngazi kamili ya noti imejirudia mara nne). Najiandaa kupiga solo mbele za watu kwa mara ya kwanza, nimechagua ile Prelude, yaani kipande cha ufunguzi, ya mtunzi Bach ya cello (ile fidla kubwa ya kukalia), suiti ya kwanza ya G. Noti zote nazijua kichwani na sikosei, ila kaka yangu anasema nikipiga nasikika kama mtu anachapa barua kwenye kompyuta. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, maana kushika kichwani bari 42 (vile vipande vidogo vinavyogawa muziki kwenye karatasi) za noti zinazokimbia bila kupumzika sio jambo dogo, na kaka yako usimkasirikie kwa sababu amekwambia kitu ambacho wapigaji wengi wa marimba hawaambiwi mpaka wanazeeka.

Tatizo liko hivi. Cello ina upinde, yule anayepiga akishaianza noti bado anayo mkononi, anaweza kuikuza, kuipunguza, kuitetemesha. Wewe ukishagonga kibao basi, sauti imeshaondoka kwako na kuanzia hapo inapungua tu, vibao virefu vya besi vinakaa kidogo, vile vifupi vya juu vinakatika hata hujapepesa macho. Kwa hiyo ukipiga noti zote 16 za bari kwa nguvu moja msikilizaji anasikia mwanzo 16, tap tap tap, hasikii sentensi. Hapo ndo kompyuta ya kaka yako inapotokea.

Sasa chukua karatasi yako uangalie bari nne za mwanzo. Ile G ya chini inarudi, inarudi, mara mbili kila bari, haihami kabisa, na juu yake mambo yanabadilika: bari ya kwanza umetulia nyumbani, ya pili umetoka, ya tatu umefika mahali penye wasiwasi, ya nne umerudi nyumbani. Hiyo ndo hadithi na ndo kitu cha kupiga, noti zinazokimbia katikati ni miguu tu ya mtu anayetembea. Nataka ufanye hivi kwa wiki nzima kabla hujaipiga tena yote: piga noti ya besi tu ya kila nusu bari, taratibu, uku unaimba kwa mdomo ile noti ya juu kabisa ya kundi. Imba kweli, sio kunung'unika. Utaona mwenyewe pumzi inataka kuisha wapi na inataka kuvutwa wapi, halafu alama hizo za pumzi ziandike kwa penseli. Bach hakutuachia alama za kutuambia hapa piga kwa nguvu hapa kwa upole, amekuachia wewe uamue, na kama hujaamua msikilizaji anajua.

Afu kuna ile tabia ya nusu bari kujirudia. Wengi wanaipiga nusu ya kwanza kwa sauti na ya pili kimya kama mwangwi, bari baada ya bari. Mimi siipendi, inachosha haraka sana, ni kama mtu anayerudia kila neno lake mara mbili. Bora nusu ya pili iwe inasogea kuelekea bari inayofuata, kidogo tu, sio lazima mtu agundue ulichofanya.

Kitu kingine ni mahali unapogonga. Kila kibao kina sehemu mbili zisizotikisika, ndo pale kamba inapopita, ni kama asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha, yaani kibao cha sentimita 40 ni kama sentimita 9 kutoka mwisho. Ukigonga hapo sauti inatoka butu kama unagonga meza. Ukitaka kuziona, chukua chumvi ya unga nyunyiza juu ya kibao, gongagonga katikati taratibu, chumvi itakimbia na kujikusanya kwenye mistari miwili, ndo hapo. Ukigonga katikati kabisa unapata sauti nene na nzito, ukisogea pembeni kidogo inakuwa na mwanga zaidi, kwa sababu mafundi wanaochonga vibao vizuri wanaukwangua ule upinde wa chini ili pamoja na noti unayoisikia kuwe na nyingine oktavi mbili juu yake, na hiyo ya juu haitoki ukigonga katikati, inatoka ukihama. Kwa hiyo rangi ya sauti unayo mikononi bila kubadilisha vijiti. Jaribu hivi: ile G ya besi igonge katikati, zile za katikati ya kundi zigonge zikiwa zimehama kidogo kuelekea pembeni. Ghafla utakuwa na watu wawili wanaongea badala ya mmoja anayechapa.

Kwa kuwa marimba yako ina oktavi nne lazima unaipiga oktavi moja juu ya ilivyoandikwa, na hiyo haina shida. Waliopata marimba kubwa za oktavi tano wanaipiga palepale, maana C yao ya chini kabisa ni ileile ya waya mnene wa cello. Ila jua kwamba juu sauti inakatika haraka zaidi, kwa hiyo usiende taratibu kama wale wa cello unaowasikia YouTube, ukienda mwendo wao utabaki na mashimo katikati.

Na pale mwisho, ile ngazi inayopanda hatua ndogondogo juu ya D inayong'ang'ania, tafadhali usianze na nguvu zote. Watu wanafika pale wamefurahi wanapiga kwa nguvu tangu mwanzo wa ngazi, halafu wakifika juu hawana kitu kilichobaki. Anza chini kabisa. Kodi ya mwisho ya G, yaani zile noti zinazolia pamoja, unaweza kuipigia roli (kugonga harakaharaka mfululizo kwa vijiti vinavyopokezana) au kuigonga mara moja uiache ife, mimi ningeigonga na kuiacha, watu wakae na ule ukimya, lakini huo ni uamuzi wako na ukiamua roli nitakuheshimu.

Mwalimu habari, niko Singida. Kila noti ndefu lazima niipigie roli? Na spidi ya roli ni ipi?

Nzuri kaka. Hapana, sio lazima. Roli ni namna yetu ya kudanganya sikio kwamba kibao kinaimba mfululizo, na uongo ukirudiwa kila sekunde tatu mtu anaustukia. Noti ambayo kibao chenyewe kinaweza kuibeba mpaka mwisho iache, hasa za chini. Spidi inafuata kibao: chini mawimbi ni mapana na sauti inakaa, roli iwe ya taratibu, ukiharakisha unasikia mgongano wa vijiti tu, juu sauti inakatika mapema kwa hiyo lazima uharakishe. Wengi wana spidi moja tu ya roli kwa marimba nzima na ndo maana besi zao zinanguruma kama pikipiki. Na roli ianze kimya, usiibamize kwenye pigo la kwanza, iingie kama mtu anayefungua mlango usiku watoto wamelala.

Shikamoo. Mimi ni kijana wa Mpwapwa, nimeanza vijiti vinne miezi miwili iliyopita kwa kuangalia video. Wengine wanasema nishike kwa kuvipishanisha, wengine visigusane. Nikipiga dakika ishirini kidole kidogo kinauma mpaka usiku. Niendelee kuvumilia?

Marahaba mdogo wangu, na jibu ni hapana, usivumilie. Misuli kuchoka ni kawaida, maumivu yanayokufuata mpaka kitandani sio kawaida.

Shika za kuvipishanisha kiganjani ziko za aina mbili tatu, inayojulikana zaidi ni ya Gary Burton yule mpigaji wa vibrafoni, ndugu ya marimba yenye vibao vya chuma. Ina nguvu, vijiti havitetereki, kodi nzito zinatoka vizuri. Ya kutogusana ni ile iliyotoka kwa mpigaji marimba Musser halafu mpigaji mwenzake Leigh Howard Stevens akaiboresha na kuiandikia kitabu mwaka 1979, kijiti cha nje kinashikwa na kidole cha pete na kidole kidogo, cha ndani kinakaa kati ya dole gumba na cha shahada, mkia wake umelala kiganjani. Hiyo inakupa uhuru wa kila kijiti kufanya lake, kupanua na kufunga nafasi kubwa, ila kidole kidogo ndo kinalipa bei mwanzoni, na bila shaka ndo unayotumia wewe.

Sidhani shika ndo kosa lako. Nadhani unabana. Kijiti cha nje hakitakiwi kubanwa, kinatakiwa kuning'inia kwenye vidole viwili kama unavyobeba mfuko mwepesi wa rambo, na mwendo utoke kwenye kuzungusha mkono, kama unavyogeuza ufunguo mlangoni, sio kwenye vidole kusukuma. Piga dakika kumi, weka chini vijiti kabisa, tembea, nywa maji, rudi. Wiki mbili za kwanza piga mkono mmoja tu kwa wakati, kijiti kimoja kimoja, taratibu sana mpaka uone aibu mtu akipita. Kama wiki mbili hizo zikipita na bado kinauma, nenda hospitali wakakiangalie, usisubiri makala yangu ijayo.

Mbukwenyi mwalimu. Mimi ni mzee wa Bahi. Nyie mkisema marimba mnasema hiyo ya kugonga na vijiti, sisi kwetu marimba ni ilimba, ya vidole. Mjukuu wangu amepata hiyo ya mbao shuleni kwao anataka kupiga nyimbo za nyumbani peke yake, lakini nikisikiliza naona kuna sauti haikai. Mimi sio mtaalamu ila masikio yangu yananiambia. Je ni mjukuu au ni chombo?

Mbukwenyi mzee wangu, na shikamoo. Masikio yako yako sahihi kabisa na mjukuu hana kosa, ni chombo. Nimefurahi sana kwa swali hili.

Sauti za Kigogo hazikutoka kwenye kinanda. Zinafuata zile sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja nene, ile ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi, ndo noti tano mnazoimba. Ukizianzisha juu ya G unapata D, F, G, A na B, na marimba nyingi za shuleni zilizopangwa kwa mtindo wa chuo cha muziki cha Kwanongoma kule Bulawayo, Zimbabwe, zinazo zote hizo. Ila F ya kwenu, ile ya saba, iko chini ya F ya kibao kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Ni kidogo lakini mtu aliyelelewa na nyimbo za nindo za Wagogo lazima aisikie, ni kama mtu kaingia nyumbani na viatu.

Mwambie mjukuu F asikae juu yake. Asiipigie roli hata siku moja, aipitie kwa haraka na kwa upole, mkono uelekee G au D, na pale wimbo unapotaka kweli kukaa kwenye hiyo sauti aache kupiga aimbe. Sio ujanja wa kuficha, ndo mpangilio wenyewe wa ilimba. Yule mpiga ilimba Hukwe Zawose wa kijiji cha Doduma, Mungu amrehemu, alifariki 2003, mikono yake ilikuwa inazunguka na kuzunguka kwenye mzunguko mmoja huku sauti yake inashuka chini mpaka inanguruma halafu inapanda juu nyembamba kama ya mtoto, ilimba inasogea pembeni sauti ikiingia, inarudi sauti ikitoka, na kila mzunguko una kitu kidogo kimebadilika, noti moja imeongezwa, nyingine imerukwa. Mjukuu akiujua mzunguko mmoja hivyo vizuri ana solo ya dakika tano.

Na kuna kile kimlio cha juu, zzz, kinachotoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la ilimba, na zile chuma ambazo hazipigwi ila zinaitikia zenyewe. Hivyo vinairefusha sauti na kuipa vumbi lake. Wachopi wa Msumbiji nao wanaweka utando kwenye vibuyu vya timbila, marimba zao, na hata marimba za Guatemala zina mlio huo mpaka leo, ni hizi za kwenye kumbi za muziki ndo zimeuondoa zikabaki safi. Kwa hiyo mzee, kama kuna tundu kwenye bomba la chini la marimba ya shule na mwalimu wao akiruhusu, mjukuu abandike utando akae aone. Wewe ukae karibu umwambie umefika au haujafika, maana hapo mimi sina cha kumfundisha zaidi yako.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Kongwa. Marimba ya shule ilitoka Dar mwezi wa tatu ikiwa sawa na kinanda, sasa hivi kiangazi vibao vimepanda sauti kidogo na vingine vinagongana. Fundi wa mbao hapa anasema anaweza kukwangua. Nimwite?

Usimwite mwalimu, tafadhali. Ubao uliokaa kwenye unyevu wa pwani ukija huku kwetu unakauka, unakuwa mwepesi na mkakamavu zaidi, sauti inapanda, na kamba pia zinalegea ndo maana vinagongana. Ukikwangua katikati chini sauti itashuka kweli, lakini unyevu ukirudi itashuka tena na hapo ulichokitoa hakirudi. Kaza kamba, ondoa marimba dirishani na chini ya bati linalowaka mchana, ifunike kwa kitambaa, usipake mafuta wala vanishi, na kama kuna wimbo wa kupiga pamoja na kinanda mwezi huu chagua usio na kinanda. Subiri mvua za Disemba zinyeshe wiki mbili tatu ndo upime tena.