Kabla Hujashuka Gongyuanqian

Msomaji mmoja wa Mombasa, anayekwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kuhudhuria maonyesho ya biashara ya Canton, ameniuliza kama ni kweli mtu anaweza kupotea ndani ya kituo cha treni. Ni kweli, nami nilipotea katika safari yangu ya 4, nilipokuwa nimekwisha kujiona mwenyeji kiasi cha kuwacheka wenzangu wa Kariakoo waliong'ang'ania teksi.

Asubuhi hiyo nilipanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 5, pale Xiaobei, mtaa ambao hakuna mfanyabiashara wa Kiafrika asiyeujua, nikabadili kwenye kituo kikuu cha reli na kushika namba 2 hadi Gongyuanqian, maana yake "mbele ya bustani", ambako inakutana na namba 1. Hapo milango ya treni hufunguka pande zote mbili, upande mmoja wa kushukia na wa pili wa kupandia. Mimi, nimekumbatia mfuko wa sampuli za viatu, nilijipanga upande usio wangu, na umati wa wanaopanda ukanisukuma ndani hadi kituo kinachofuata, Haizhu Square.

Nilirudi, lakini kilichoniponza hasa ni kiburi. Wakala wa mzigo alikuwa ameniandikia herufi ya mlango wa kutokea, nami nikaipuuza nikidhani jina la kituo linatosha. Niliibukia kwenye maduka ya chini ya ardhi yaliyojaa vikaragosi vya katuni, nikapanda ngazi, nikajikuta ng'ambo ya barabara nisiyoijua. Nilipompata wakala, nafasi yangu katika kontena alikuwa amekwisha kumpa mwingine. Viatu vile viliingia Dar es Salaam Idi ikiwa imepita.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ulizia herufi ya mlango kabla hujaulizia kituo, na ukishapewa, usijifanye mjuaji. Kwenda kwenye maonyesho kutoka Xiaobei, panda namba 5, ubadilishe uingie namba 2 hadi Changgang, kisha namba 8 hadi Xingang Dong. Na katika kila kituo soma herufi.

Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki mfano wa sarafu, unachokigusisha getini unapoingia na kukitumbukiza unapotoka. Kiweke mfuko wake peke yake. Mimi nilisimama getini nikisukuma shilingi 200 yetu, foleni nzima ikinitazama.