Mwanangu, viti mlivyo navyo vinatosha

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata, nimeisoma na kuirudia. Unaniuliza mtawezaje kukaribisha watu nyumbani miezi hii ya joto, na sebule yenu ni finyu, viti havitoshi, na jioni wewe na mumeo mnarudi kutoka kazini mmechoka. Unasema pia kwamba unaona haya, kwa kuwa wenzako kanisani wakialika watu meza hujaa na nyumba hung'aa.

Jibu langu ni hili: punguza maandalizi mpaka ubaki na nguvu za kukaa na mgeni wako. Ukiwa umechoka kiasi cha kushindwa kumsikiliza, umeandaa kupita kiasi.

Fungua Mwanzo 18. Abrahamu ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa hari, saa ambayo kila mtu anatafuta kivuli. Anainua macho, anaona watu watatu wamesimama. Ni mzee anayekaribia miaka 100, lakini anapiga mbio kwenda kuwalaki. Sasa tazama anaanza na nini. Anawaambia yaletwe maji kidogo wanawe miguu, kisha wapumzike chini ya mti. Chakula kinatajwa mwishoni, naye anakiita kipande cha mkate tu. Najua, baadaye ndama alichinjwa na Sara akakanda unga, na wahubiri wengi humkumbuka zaidi yule ndama. Mimi hunigusa kwamba walipokuwa wakila, mzee alisimama pale pale karibu nao, chini ya mti. Hakupotelea jikoni.

Mtu aliyetoka juani akifika kwako, hakagui pazia. Anasimama pale mlangoni na jasho shingoni, mfuko mkononi, hajui avue viatu au aingie navyo, wala hajui akae wapi. Mpokee huo mfuko. Mwonyeshe kiti chake, umpe maji ya kunywa kabla hajaomba, kisha umwulize habari zake na usikilize mpaka amalize. Yesu mwenyewe alisema kikombe cha maji ya baridi hakitakosa thawabu. Nami naamini alimaanisha maji kweli.

Kuhusu viti, msome yule mwanamke wa Shunemu katika 2 Wafalme 4. Alikuwa mtu mwenye uwezo, angeweza kupamba chumba cha mgeni wake, nabii Elisha, apendavyo. Lakini alichomwomba mumewe waweke mle ndani ni kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Kiti kimoja, mwanangu! Nyie mnavyo zaidi ya hapo. Watu wakizidi viti, tandikeni mkeka nje jua likishapungua, na watoto wapate nafasi ya kukimbia. Jioni ndiyo saa nzuri ya kualika watu wakati wa joto. Mchana funga mapazia upande wa jua, na jioni fungua madirisha yote upepo upite.

Chakula kiwe cha sufuria moja, kitu unachokipika hata bila wageni. Jambo moja tu usilipuuze: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na siku ya joto kali usizidi muda wa saa 1, maana huharibika kabla hakijaanza kunuka. Mgeni akisema nije na nini, mwambie alete kitu kidogo, usimkatalie. Akitaka kukusaidia kuosha vyombo, mwachie. Nimeona mtu aliyekaa kimya mezani muda wote akifunguka akiwa ameshika sahani yenye povu, kwa sababu pale hakuna anayemkodolea macho.

Sipendi anavyosemwa vibaya mimbarini Martha wa Luka 10, aliyehangaika na kazi huku dada yake Mariamu ameketi kumsikiliza Yesu. Luka anaandika wazi kwamba yeye ndiye aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake. Bwana hakumkemea kwa kupika, alimwambia, "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Vitu vingi ndiyo mzigo wenyewe. Martha alifika mahali pa kumlalamikia dada yake mbele ya mgeni, na hapo ukarimu unakuwa umekwisha ingawa chakula bado kiko motoni. Mtume Petro naye anasema tukaribishane "pasipo kunung'unika." Kwa hiyo usimwalike mtu kabla hujazungumza na mumeo. Mkubaliane siku, na mkubaliane wageni wataondoka saa ngapi. Wiki ambayo mmoja wenu hana nguvu, pumzikeni bila kujilaumu.

Sasa nani aje? Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Katika Luka 14 Yesu anasema ukifanya karamu usiwaite rafiki zako na jirani zako wenye mali, wasije wakakualika nawe ukalipwa; uwaite wasio na cha kukulipa. Miezi ya likizo familia nyingi husafiri, na wanaobaki hubaki peke yao kweli: mjane ambaye watoto wake wako mbali, mwanafunzi aliyekosa nauli, mama anayelea peke yake na shule zimefungwa, mtu aliyehamia juzi ambaye kanisani husalimiwa mlangoni na kuachwa hapo. Usiwaambie "karibuni siku moja." Hiyo siku moja haifiki. Taja siku, taja saa, na umwambie wazi kwamba hamna sherehe, mnakula tu pamoja.

Kabla ya kula, mumeo aombe kwa maneno machache na amtaje mgeni kwa jina. Simu ziwekwe chumbani. Asiyeamini akija, msimgeuze mezani kuwa mtu wa kuhubiriwa. Mpendeni, na akiuliza, mjibuni.

Katika barua umemtaja yule dada anayekaa peke yake kiti cha nyuma kila ibada. Anza naye. Leo muulize mumeo ni Jumamosi ipi inawafaa, kisha umpigie simu kabla hujaanza kusafisha nyumba, ili usije ukaahirisha.

Baba yako anawasalimu nyote.

Mimi mama yako,
ninayewaombea.